Duara Lenye Kona

"Mwakani nguo zangu mtanishonea nyie! Mimi nitakuwa nimekaa ofisini, nabofya tu."

Fundi cherehani huyo, waliyembandika jina la Mama Pindo, aliyasema hayo barazani mbele ya mafundi wenzake saba na wateja wao, mkasi mkononi. Mdomo ule ungekuwa cherehani, ungevisha jeshi zima.

Ila hakuwa anabwabwaja. Shemeji yake, mtunza stoo kwenye ghala la dawa, alikuwa amemshikia nafasi ya karani wa kompyuta hadi mwisho wa mwezi. Sharti moja tu: cheti. Basi akajiandikisha chuo cha ghorofani, juu ya duka la magodoro, akabanana dawati moja na watoto wa rika la kitinda mimba wake.

Mtihani ulikuwa kuandika programu: chora duara, mtu akilibofya kwa kipanya, libadilike rangi. Mwalimu akawapa njia ya mkato: lizungushie duara mraba usioonekana, mtu akibofya popote ndani ya mraba, hesabu amegusa. Darasa zima likanakili. Mama Pindo akabofya kwenye kona, mahali patupu kabisa. Duara likawa jekundu.

"Mwalimu, mbona linaitikia salamu isiyo yake?"

"Mama, hizo ni kona tu. Nani atabofya huko?"

Kona tu! Miaka kumi na tisa anakata sketi za duara, leo aambiwe kona nazo ni duara? Kona ni mabaki, zinafagiliwa. Sketi unaikata kwa kushikiza tepu katikati na kuzungusha chaki. Akafanya vivyo hivyo kwenye programu: pima kutoka katikati hadi palipobofywa, umbali ukizidi nusu ya upana, basi ni nje. Ilimla siku nne na dawa za kichwa. Ikakubali.

Mwalimu alipoiona, akakunja ndita.

"Rudisha kama nilivyofundisha. Unataka mtahini aniulize kwa nini wengine hawana? Hapa fundi ni mimi, mama."

Na sahihi ya kwenye cheti ilikuwa yake. Mwanamke aliyewahi kumjibu mteja mkorofi mpaka akakimbia bila suruali yake akasema, "Sawa, mwalimu," kama mtoto wa chekechea, akaurudisha mraba.

Mtahini aliletwa kutoka nje, msichana wa miwani, haraka zake kama kaacha chungu jikoni. Akaanza na Mama Pindo. Akabofya mara moja. Kwenye kona.

Jekundu.

"Hili hukuliona, mama?"

Mama Pindo akamgeukia mwalimu. Mwalimu akamtabasamia mtahini.

"Hawa wazee, tunajikongoja nao hivyo hivyo."

Kisha mtahini akaenda kunywa chai, na mwalimu akapita dawati hadi dawati akinong'ona: "Futeni mraba. Pimeni kutoka katikati." Wote wakafaulu, isipokuwa mmoja.

Mtihani unarudiwa mara moja kwa mwaka. Ada yake ni elfu sabini.