Namba Iliyojumlishwa Sawa

Valerian, karani wa mgodi mmoja wa dhahabu karibu na Geita, alipenda namba kuliko alivyopenda watu, na watu walilijua hilo. Kila mchimbaji alivaa shingoni bati lenye namba ya tarakimu tano, naye alizijua tabia za zote: hii yagawanyika kwa saba, ile haigawanyiki ila kwa yenyewe na moja.

Ili asikosee kuandika, alikuwa na ujanja aliofundishwa misheni. Alijumlisha tarakimu za namba mpaka ikabaki moja tu, akaiandika pembeni kwa wino mwekundu. Namba ikiletwa tena aliijumlisha upya; jumla ikipatana na ile nyekundu, basi namba ni sahihi. Kwa miaka sita ujanja huo haukumwangusha, akavimba kichwa.

Machi 1951 mwamba uliporomoka shimoni, ukawafunika Donatus, Mkristo wa Chato, na Majaliwa, Mwislamu wa Maganzo. Mmoja alitolewa amekufa, uso hautambuliki. Mwenzake, amevimba uso na hana fahamu, bati lake limepotea kifusini, alikimbizwa Mwanza kwa lori. Msimamizi alisoma bati la maiti, akaandika kwenye kikaratasi: 60,481. Valerian alijumlisha: kumi na tisa, kumi, moja. Daftarini namba hiyo ilikuwa ya Donatus, na pembeni moja nyekundu. Hakujisumbua kwenda kulitazama bati lenyewe.

Alimwambia Klara, mke wa Donatus, kwamba amefiwa. Akamwambia Mwahija, mke wa Majaliwa, kwamba wa kwake yu hai. Mwahija alimshika mikono akalia kwa furaha.

Siku ya nane majeruhi alizinduka Mwanza, akajitaja: Donatus.

Ndipo Valerian alipoliomba lile bati. Lilisomeka 60,841, namba ya Majaliwa. Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili, jumla haiguswi. Tofauti ya namba hizo ni mia tatu na sitini, na tofauti ya namna hiyo siku zote hugawanyika kwa tisa. Jambo hilo alilijua tangu darasani. Alikuwa akiwaonyesha wachimbaji hilo kama mazingaombwe siku za mshahara, wakapiga makofi, wala hakuwahi kufikiri kwamba ndilo tundu la ujanja wake. Alijiona mpumbavu, na kweli alikuwa mpumbavu.

Alimkuta Mwahija akifunga nguo za mumewe kwenye kanga, tayari kwa safari ya Mwanza. Alimweleza akiwa amesimama. Mwanamke akaketi chini.

"Kumbe aliyezikwa misheni ni Baba Salehe?"

"Ndiye, Mama Salehe. Nisamehe."

"Alioshwa?"

"Hapana."

Mwahija aliweka mikono juu ya kile kifurushi.

"Amelazwa akielekea wapi?"

Valerian alikuwepo makaburini. Alishika kamba ya jeneza upande wa miguu, jua la jioni likimpiga usoni. Alijua: maiti hakuelekezwa kibla.

"Sikuangalia," alisema.