Thelathini ya Milembe

Samli ikiungua kidogo kwenye kikaango, watu wengine husikia harufu ya wali. Mimi nasikia harufu ya kifundo cha mguu. Nilikuwa darasa la sita, shule yetu ya Kidete ikiwa katikati ya reli na mto Mkondoa, na kwa wiki nzima kila jioni nilikaa mlangoni kwa kina Milembe nikimwangalia mama yake akichovya kitambaa kwenye samli ya moto na kumkanda mguu. Milembe hakulia. Aliuma tu ncha ya kanga ya mama yake, jasho likimtoka puani. Jumamosi iliyofuata timu yetu ya wasichana ilikuwa iende Mikumi kucheza, na katika timu ile mfungaji alikuwa mmoja tu, ndiye huyo aliyekuwa akikandwa.

Kina Milembe walikuwa wametoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, nasi watoto wa milimani, watoto wa kanisa na nidhamu nyingi, tuliwatania kutwa kucha. Masika ile ng'ombe wao walikatiza uwanja wa shule, matope yakakauka na nyayo zao, uwanja ukabaki na vishimo kama ubao wa bao. Milembe aliingiza mguu katika kimoja huku akikimbia. Kifundo kikajipinda, kikavimba kama kiazi. Wasichana wakamwambia, "Ng'ombe wenu ndio wamekula mguu wako, mwenzetu!" Alicheka kuliko sisi wote. Ndivyo alivyokuwa, huwezi kumkasirisha hata ukijitahidi, na mimi nilimpenda kwa hilo na pia nilimwonea wivu, maana mimi hukasirika hata na kuku.

Mwalimu Yoeli, aliyesimamia michezo, alikuwa mpole, ila alikuwa na sheria moja ngumu. Aliyeumia mguu harudi uwanjani mpaka asimame kwa mguu uleule peke yake, macho amefumba, mikono kiunoni, hadi thelathini. Aliipata kwenye semina fulani, akarudi akituambia kwamba mguu ulioumia husahau kusimama hata maumivu yakiisha, na mguu uliosahau ndio unaokuja kuharibu goti. Tulimsikiliza kama tunavyosikiliza tangazo la mkutano wa kijiji. Saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa siku nyingi, aliivaa kwa heshima tu, kwa hiyo alitufundisha kuhesabu kwa mwendo wa haki: moja Kidete, mbili Kidete, tatu Kidete. Ukilitamka jina lote bila kulimeza, umepata sekunde yako. Anayehesabu alikuwa nahodha, na nahodha nilikuwa mimi.

Milembe alipimwa Alhamisi, baada ya vipindi. Mwalimu alikuwa pembeni akijaza mpira upepo, ametupa mgongo. Milembe akafumba macho, akainua mguu mzima, nami nikaanza. Kwenye tisa Kidete alianza kutetemeka. Kwenye kumi na tano vidole vyake vilikuwa vinakwaruza udongo kama vinatafuta kitu kilichopotea, na kiuno kinayumba huku na huku. Hapo nikaiona Mikumi inaondoka. Sitajisafisha: sikumfikiria yeye. Nilikuwa sijawahi kukanyaga lami maishani mwangu, nilikuwa nimeambiwa kwamba kule unaweza kumwona tembo ukiwa garini, na nilitaka nirudi na ushindi. Kuanzia kumi na sita nikaiacha Kidete. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, nikazimwaga kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Nilipotaja thelathini, mguu wake mwingine ulikuwa unagusa chini.

"Debora, nimefika?"

"Umefika."

"Kumbe nimepona!" Akanirukia shingoni.

Mwalimu akauliza bila kugeuka, "Kafika?" Nikajibu, "Kafika, Mwalimu." Akasema Mungu mkubwa, akaendelea na mpira wake. Wazee husema haraka haraka haina baraka, lakini husema wakiwafikiria wapishi na wasafiri. Hakuna aliyenionya kuhusu kuhesabu.

Tulisafiri kwa lori lililotoka kushusha vitunguu vya Lumuma, tumekalia maganda, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Tembo sikumwona. Mchezo ulikuwa mzuri kwa nusu ya kwanza, na Milembe akafunga goli moja, akanikimbilia langoni, maana nilikuwa kipa, akaninyooshea kidole kana kwamba ni goli langu. Kipindi cha pili akaruka kuupiga mpira kwa kichwa. Akatua kwa mguu ule. Kifundo kikalala upande, goti likaenda ndani, na nikiwa golini kwangu nikasikia mlio, mdogo tu, kama mtu anayevunja muwa kwa goti. Safari hii alilia. Alimwita mama yake kwa Kisukuma, mfululizo, na sisi tukasimama tumemzunguka, hakuna anayejua amshike wapi.

Hospitali walipiga picha, wakasema mfupa ni mzima. Tukashukuru, jamani, tukashukuru! Hakuna aliyetueleza kwamba goti linashikwa na kano na kwamba kano zikikatika hazionekani kwenye picha ile. Samli ikarudi jikoni, miezi na miezi, na goti likabaki lilivyo. Alijifunza kutembea kwa kulirusha mbele, kama mtu anayesukuma mlango. Mpira ukaishia hapo. Aliacha pia kwenda kuchunga na kaka zake, kitu alichokipenda kuliko mpira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baba yake, mzee Masanja, alikuja shuleni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mmoja mmoja, hakupaza sauti. "Mwalimu, mwanangu ulimpima?" Mwalimu Yoeli akajibu, "Nilimpima, mzee wangu. Alifika thelathini. Huyu ndiye aliyehesabu." Wote wakanitazama. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa nayo mkononi kabisa. Nikasema, "Ndiyo, alifika." Mzee akainamisha kichwa, na Mwalimu akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Basi kipimo changu hakina maana." Hakupima mtu tena. Baada ya hapo kila aliyeumia alirudi uwanjani alipojisikia, na ninawajua wawili, mmoja msichana na mmoja mvulana, waliorudi mapema na kuumia vibaya zaidi. Mwalimu Yoeli amefariki akiamini kwamba alichofundishwa kilikuwa upuuzi. Sikwenda kumwambia. Nilikwenda kwenye mazishi tu.

Siku hizi nauza dawa za mifugo Kilosa mjini. Watoto wanacheza mpira na viatu, wana makocha, na makocha wana simu zenye video za mazoezi. Mwaka huu Milembe alikuja dukani kutoka Msowero kununua dawa ya kupe, amefuatana na binti yake, Kabula, aliyefungwa kitambaa kifundoni. Mtoto akanionyesha kwenye simu kipimo ambacho kocha wao anakitaka kabla ya mechi ya kesho. Asimame kwa mguu mmoja, macho amefumba, hadi thelathini. Nikasema haraka, basi simu ina saa, tumpime kwa simu, haikosei.

"Zima hiyo simu," Milembe akasema. "Hesabu wewe." Akavuta kiti, akalinyoosha lile goti lake kwa mikono miwili, akanitazama bila hasira yoyote. "Ila leo, Debora, usiiache Kidete njiani."

Alijua. Sikumuuliza kama alinisikia siku ileile uwanjani, au aliitambua hesabu yangu baadaye, katika ile miaka ya kukaa nyumbani akikandwa. Wala sikumwomba msamaha; nikamgeukia mtoto. Kabula alikuwa ameshafumba macho, mikono kiunoni, anatabasamu kama mama yake alivyotabasamu. Moja Kidete. Mbili Kidete. Kwenye nane akaanza kuyumba, akasema kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa, fanya haraka." Tisa Kidete. Kumi Kidete. Mguu ukagusa sakafu, akafungua macho, machozi tayari yamejaa, akaniuliza amefika ngapi.

Nikamwambia kumi.