Rubani Asiyenipa Shikamoo

Mimi sinywi pombe, sijawahi kuugua kichwa, na siku hiyo nilikuwa nimekula vizuri. Nayasema mapema ili usije ukanitafutia sababu. Shule niliishia darasa la pili, lakini kuona hakusomewi. Tena sikuwa peke yangu. Mkwe wangu Mwajuma alikuwepo, yuko hai hapa hapa Ihanja, nenda kamwulize. Na haya yalitokea mchana, jua liko utosini, watu wanapita barabarani na baiskeli zao.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Unaikumbuka? Tulitoka kwenye foleni za sabuni, mara maduka yakajaa, mitumba ikaanikwa mpaka juu ya nyua za minyaa, na kila mwenye shamba kando ya barabara akaanza kutembea kifua mbele. Marehemu mume wangu aliniachia mashine ya kukamulia alizeti, na banda la mabati. Mwajuma alikuwa anamimina mbegu, mimi nachuja mafuta kwa kitambaa. Ndiyo kazi iliyotulisha.

Sasa nikuambie habari za kaka yangu Hamisi, maana bila yeye hutaelewa kitu. Baba yetu alikuwa mhunzi, katika wale wa mwisho waliojua kuyeyusha chuma wenyewe kutoka kwenye mawe. Hamisi ndiye aliyekuwa akivukuta. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu kuzoa majivu ya tanuru na kuyamwaga nje. Nilikuwa na miaka saba hivi alipochukuliwa kwenda kwenye vita vya Hitla. Hakurudi. Haikuja barua, haikuja maiti, hakuja hata mtu wa kusema nilimwona akianguka. Baba akakataa matanga. Alisema huwezi kumlilia mtu ambaye hujamwona amelala. Mama akafa huku kila jioni anamfunikia chakula.

Basi Hamisi akabaki hivyo, si marehemu, si msafiri. Na shamba lake likabaki hivyo hivyo, nalo lipo kando ya barabara. Ilipokuja ruksa, tajiri mmoja wa mjini akalitaka ajenge kituo cha mafuta. Watoto wa baba mdogo wakanijia, adabu zote, shikamoo kutoka mlangoni. Wakasema ukoo ukae Ijumaa, tumsomee Hamisi dua, tumfunge, yaani ahesabiwe marehemu, shamba ligawanywe. Kwa desturi ya ukoo wetu, neno la kwamba mtu amekufa ugenini husemwa na wa tumbo moja naye. Wa tumbo moja nilibaki mimi tu. Nisiposema, hafungwi.

Nilikubali. Nitakuwa mkweli, nilikuwa nimechoka kumngoja. Ijumaa nitasema neno, yaishe. Haya ninayokusimulia yalikuwa Jumatano.

Wewe kama umepita Singida kiangazi unajua upepo wetu, haulali. Unakupiga toka asubuhi mpaka unausahau, kama unavyosahau saa inayogonga ukutani. Siku hiyo ukakatika. Haukupungua, ulikatika, kama mtu kafunga mlango. Makapi ya alizeti yaliyokuwa yanaruka yakashuka chini yote pamoja. Mashine nayo ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nikageuka nimkaripie Mwajuma, nikamwona kijana amesimama mlangoni.

Umri wake kama ishirini na tano. Amevaa ovaroli ya kitambaa kizito ambacho sijakiona tena, na kofia ya ngozi yenye masikio, kama mtu anayeogopa baridi, na jua lote lile. Nyusi hazipo, zimeungua. Ndevu zimekaa ovyo. Amesimama ananitazama, mdomo umeinuka upande mmoja.

Nikangoja. Kwangu mtoto asiyetoa shikamoo hapati hata kivuli. Nikangoja, naye anangoja. Tukawa kama majogoo wawili.

Nikamwuliza, "Kijana, kwenu hakuna wakubwa?"

"Wapo."

"Na hawakukufundisha kuamkia?"

"Walinifundisha sana," akasema. "Ndiyo maana nangoja."

Mwajuma akacheka pembeni. "Mama, mwache. Huyo wa mjini. Huko shikamoo zimeisha, wamebaki na mambo, poa."

Kijana akaomba maji. Nikampa, maana maji hayanyimwi. Kigoda sikumpa. Kilikuwa pale pale karibu na mguu wangu, nikakisogeza nyuma kwa kisigino ili aone. Naomba ukikumbuke hicho kigoda.

Akanywa wima. Kisha akachuchumaa kwenye mashine yangu, akaweka mkono juu ya bomba la moshi. Bomba lile lilikuwa la moto wa kuchuna ngozi. Hakushtuka. Akasema, "Inakosa pumzi." Akafungua mahali pa kuingizia hewa, akatoa makapi kiganja kizima, akafunga.

"Wewe fundi?" nikamwuliza.

"Fundi na rubani. Ndege yangu niliibuni mwenyewe."

"Rubani wa wapi anayetembea kwa miguu?" Mwajuma akadakia.

"Ilizimika moto nikiwa juu ya Sepuka, dada. Tangu hapo natembea."

Mimi na Mwajuma tukatazamana. Tukajua ni mgonjwa wa akili, maskini, na mgonjwa hubishani naye. Lakini alipoanza kueleza, aliacha Kiswahili. Aliongea Kinyaturu cha zamani, kile cha bibi zangu, maneno niliyokuwa sijayasikia tangu nikiwa mtoto. Mwajuma alikosa mengi. Mimi nilielewa yote.

Alisema kwao ni hapa hapa Singida, ila huko kwao Wajerumani walifika, wakarudishwa. Kwa hiyo wahunzi hawakuacha kazi. Hapakuja majembe ya dukani kuwaua kwa njaa. Waliendelea kuyeyusha chuma, baba kwa mwana, chuma kikawa kizuri kila mwaka kuliko mwaka uliopita. Ilipotokea vita kubwa, na ndege za maadui zikaanza kushuka kutoka kaskazini, wazee walimwita yeye, kijana mvukutaji, wakamwuliza kama anaweza kutengeneza kitu cha kuzifukuza.

Akaniambia, "Nilifikiria mvukuto. Mvukuto unapuliza, unavuta. Unapuliza, unavuta. Pale unapovuta, moto unalegea. Nikajiuliza, je, ukipatikana mvukuto usiovuta pumzi kamwe, unaopuliza tu?"

Akachovya kidole kwenye mafuta yaliyomwagika, akaanza kuchora kwenye sakafu ya saruji. Akachora kitu kirefu kama kibuyu, wazi mbele, wazi nyuma. Mdomoni akaweka mapanga madogo mengi yaliyopangwa kama mbegu za alizeti kwenye kichwa chake. Yanazunguka, yanameza upepo, yanausukuma tumboni kwenye moto, na moto unatoka nyuma kwa kishindo. Huko nyuma kuna mapanga mengine yanayozungushwa na moto ule ule, nayo yanazungusha ya mbele. "Kwa hiyo inajivukuta yenyewe," akasema. Panga kubwa la puani, kama la ndege za kawaida, halipo.

Ya kwanza ilipasuka. Chuma cha ndani kililainika kama ugali. Akaikandika ndani udongo wa kichuguu, kama wazee walivyokandika tanuru, na kwenye mchoro akaongeza tabaka hilo. Ya pili waliifunga kwenye jiwe kubwa kwa minyororo, wakaiwasha, ikang'oa minyororo. Mafuta ya nyonyo yalikuwa mazito, yaliziba. Ya alizeti yakawaka safi. Na siku ya kuirusha, waliisukuma mpaka ufukweni mwa ziwa pale mjini, kiangazi, pale chumvi inapokauka na kuwa ngumu na nyeupe kama sahani.

"Nilidhani itatetemeka," akasema. "Haikutetemeka. Kelele zote zilibaki nyuma yangu. Mbele palikuwa kimya, na mimi nimekaa kwenye kimya kile kama mtu aliyekaa nyumbani kwake. Nikaona Unyambwa, nikaona mawe, nikaona moshi wa tanuru la baba. Nikazunguka juu yake mara mbili ili mtu fulani anione."

"Nani?"

"Mdogo wangu wa kike. Nilikuwa nimemwahidi. Lakini hakuwepo. Surua ilimchukua siku chache kabla, na wao walinificha ili mkono wangu usitetemeke. Nikapigana vita yote nikidhani yuko chini ananitazama."

Nikamwambia pole. Ndiyo, nilimwambia pole, lakini kavu, kama unavyompa mtu pole ya msiba usiokuhusu.

Akasema, "Nimekuja kuona angekuwa mtu wa namna gani. Na nilitaka aniamkie mara moja, halafu niende."

Unaniuliza, hukumtambua tu? Nami nakujibu: nilikuwa na hasira. Mama wa watu nakaribia sitini, kijana ananikazia macho anataka mimi nimpe shikamoo yeye. Hasira ni moshi, unamwona mtu vibaya hata akiwa mbele yako. Nikamwambia, "Basi utangoja sana. Mimi siamkii watoto. Nenda, nina kazi."

Akacheka kidogo, bila ubaya. Akainama, akaweka kikombe cha maji chini, kifudifudi. Mwajuma akanitazama, maana nyumbani kwetu ni mimi peke yangu ninayeweka kikombe hivyo, na wakwe wote wananicheka. Nilirithi kwa baba. Mhunzi hufunika kikombe ili majivu yasiingie.

"Haya, Majivu," akasema. "Ulikuwa mbishi hivi hivi."

Akatoka.

Jina hilo, msomaji wangu, lilikuwa la kwenye tanuru. Mama hakulitumia, mume wangu hakulijua, Mwajuma alilisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Aliyekuwa akiniita Majivu ni mtu mmoja.

Niliacha kitambaa ndani ya mafuta, nikatoka mbio bila viatu. Barabara ya Ihanja imenyooka, unamwona mtu mpaka anakuwa nukta. Kulia hapakuwa na mtu. Kushoto palikuwa na mzee na mbuzi wake wawili, na mzee yule alikuwa amesimama anatazama juu. Upepo ukarudi wote kwa mara moja, ukanivua kilemba. Ndani ya upepo nikasikia mvukuto. Puu, haa. Puu, haa. Kisha ule "haa" ukapotea, ikabaki pumzi moja ndefu isiyokatika, inakwenda upande wa Sepuka. Mwajuma anasema aliona mstari mweupe angani. Mimi sikuuona. Macho yalikuwa yamejaa maji.

Nyuma yetu mashine ikawaka yenyewe.

Ijumaa ukoo ukakaa. Wazee kwenye mkeka, watoto wa baba mdogo wamevaa vizuri, mtu wa tajiri anangoja nje kwenye gari. Wakaniuliza mara ya kwanza: Hamisi amekufa? Nikafunga kilemba vizuri. Wakauliza mara ya pili. Mara ya tatu nikasema, "Siwezi kusema amekufa mtu niliyemnyima kigoda juzi."

Palichafuka. Mkubwa wao, Iddi, akasema, "Dada amezeeka, asikilizwe mtu mwingine." Lakini mtu mwingine hakuwepo, na desturi ni desturi. Kituo cha mafuta kikajengwa mwisho mwingine wa kijiji, na Iddi hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Tukikutana barabarani ananiamkia kwa mbali, nami naitikia. Simlaumu. Yeye hakumwona.

Shamba la Hamisi nalilima mimi. Naweka alizeti kila mwaka, na debe la kwanza la mafuta siuzi. Linakaa mlangoni mwa banda, limechujwa mara mbili, pembeni ya kigoda. Watu wananicheka, nawaacha wacheke.

Ule mchoro haukutoka. Mafuta yalinywewa na saruji. Nimesugua kwa majivu, nimesugua kwa sabuni ya unga, bado upo. Miaka mingi baadaye walikuja watu wa kupima upepo, wakaomba kivuli bandani kwangu. Mmoja wao, kijana aliyesoma, akainama pale chini muda mrefu. Akauliza, "Bibi, nani amekuchorea injini ya jeti hapa?" Akaniambia vipimo vyake vimekaa sawa, ila anashangaa tabaka hilo la ndani, hajui ni la nini. Nikamwambia ni udongo wa kichuguu. Akacheka akidhani natania.

Kila kiangazi, siku moja, upepo hukatika mchana. Siku hiyo nazima mashine mwenyewe. Natoka nje na miguu yangu hii mibovu, nasimama wima, naangalia upande wa Sepuka, nasema kwa sauti, "Shikamoo, kaka." Mpaka leo sijapata marahaba. Mimi ndiye niliyemngojesha, basi na mimi ningoje.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mzee mwenzangu hasa, nisikilize. Akija mgeni mlangoni kwako asikuamkie, usiwe na haraka ya kumfundisha adabu. Mpe kigoda kwanza. Akishakaa, mtazame vizuri usoni, kisha ujiulize taratibu, kati yenu wawili, aliyetangulia kuzaliwa ni nani.