Ufa Chini ya Bugali

Kosa lilianzia kanisani. Wakati wa matangazo Mama alisimama, akasema binti yake amefika kutoka Ulaya, na kwamba kazi yake huko ni kupima nyufa. Hakusema nyufa za nini. Katika mji ambao ardhi hutikisika kila mlima unapokohoa, tangazo la namna hiyo ni sawa na kusema daktari wa macho anatibu bure. Kesho yake sijamaliza chai, nikakuta akina mama saba kwenye baraza letu, mtaani Katoyi, kila mmoja na habari za ukuta wake.

"Ingénieur, ya kwangu ilianzia ku dirisha, sasa inafika ku plafond, kule juu."

"Ya kwangu, mukono inaingia yote."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na safari ilikuwa imenichosha. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, kwa hiyo nilikuwa nimeshukia Kigali, nikapanda basi hadi Gisenyi, nikavuka mpaka kwa miguu nikiburuta sanduku lenye gurudumu moja bovu. Nikawaambia wale mama kwamba nyufa zangu ni za chuma, si za matofali. Kwamba chuma chenyewe ni cha mitambo ya umeme wa nyuklia, vyombo vinene vinavyobana maji ya moto kwa nguvu kubwa, na kwamba kuhusu ukuta wa nyumba sijui hata ulalo wa tofali. Walinisikiliza kwa heshima zote. Nilipomaliza, wa kwanza akauliza kama tutaanza na kwake. Niliwafukuza kwa adabu, wakaondoka wakinong'ona kwamba Ulaya inaharibu watoto wa watu.

Kazi yangu, kwa kifupi, ni kuvunja vipande vya chuma. Wajenzi wa mtambo huacha ndani yake vipande vidogo vya chuma kilekile kilichojenga ukuta, vikae humo miaka na miaka, vizeeke pamoja nao. Halafu huvitoa, navyo vinaletwa kwetu tuvivute hadi vikatike, tujue ukuta wenyewe umebakiza uvumilivu gani. Watu hudhani tunatafuta chuma kisicho na ufa. Hakipo. Kila chuma kina ufa mahali fulani, na swali ni urefu wake. Ukiwa mfupi, unakua polepole, kidogo kila chombo kinapopashwa moto na kupoa. Ukifikia kikomo, hauhitaji tena kusukumwa. Unakimbia wenyewe, na chombo kinafunguka kabla mtu hajageuza shingo. Ndiyo maana tunapenda chombo ambacho ufa wake hutoboa ukuta ungali mfupi, kikaanza kuvuja. Kinachovuja kimekupa muda wa kuzima.

Mama hakuwahi kuielewa kazi hiyo, au ndivyo nilivyodhani. Kwenye simu yeye alikuwa mtu wa neno moja: bien, yaani salama. Wiki ile risasi zilipolia mjini nilimpigia mara ishirini, na alipopatikana akasema, "Tuko bien, ni mvua tu inasumbua." Jirani ndiye aliyeniambia baadaye kwamba bati la jikoni lilikuwa limetobolewa mahali pawili. Nilipomuuliza, Mama alisema alikuwa ameshaweka lami.

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ni moja: kutakasa vyombo vya kuzalishia kwenye maternité ndogo ya mtaani. Makasi, koleo, vitambaa, vyote hupita mikononi mwake na kuingia kwenye otoklavu. Hiyo ni pipa la chuma lenye kimo cha kiuno, mfuniko wake unafungwa kwa skrubu, juu kuna saa ya kupimia mvuke na shingo fupi ya kupumulia. Hupashwa moto juu ya mbabula mbili za makaa. Lava iliposhuka mjini nilipokuwa mtoto, Mama alikimbia na vitu viwili, mimi na otoklavu, juu ya chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Nilikwenda hadi mji wa Sake nimekaa juu ya mfuniko. Mtaani wanamwita Maman Autoclave, na yeye anaitika.

Siku ya tatu nilimpelekea chakula cha mchana, sombe ya majani ya muhogo. Nilimkuta uani mwa maternité, makaa yamewiva, mkono wa saa ya mvuke unakaribia mbili. Yeye alikuwa amesimama kama anavyosimama siku zote, shavu likiwa hatua moja kutoka kwenye ile shingo, kwa sababu saa haiamini. Anaamini sikio lake. Nikataka kumtania. Kisha nikaona pete ya chuma kipya kilichochomelewa, inayong'aa, imezunguka mahali shingo inapoungana na pipa.

"Mama, hii njo nini?"

"Soudure. Ilikuwa inalia, kidogo tu, pshii. Bamama benye kuzaa banaogopa. Nikaziba na bugali, vile bibi yako alikuwa anaziba futi ya kanyanga kule Masisi."

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa ibada aliyepika pombe kali. Mvuke ulipotafuta njia kwenye maungio ya pipa, alibandika donge la ugali wa muhogo, moto ukalikausha likawa gumu kama jiwe. Wanawake wote wa kilima chao walifanya hivyo. Kwenye pombe ni akili nzuri kabisa.

"Uliziba muda gani?"

"Sijue. Mwezi moja. Kisha ikaanza kulia pembeni ya bugali, njo nikaita muzee wa soudure. Sasa ona, haisemi hata neno."

Alisema kwa fahari. Kwa mwezi mzima chombo kile kilikuwa kikimwonya, naye alikuwa amekifunga mdomo, mara ya kwanza kwa ugali na mara ya pili kwa chuma.

Nilipiga kelele. Nilimvuta mkono kwa nguvu hata kilemba kikamdondoka, nikachukua beseni la maji na kuyamwaga yote juu ya makaa. Majivu yakaruka, yakatua juu ya vitambaa vyeupe alivyokuwa amevifua alfajiri. Wajawazito wawili waliokuwa kwenye benchi walisimama. Mama aliokota kilemba chake, akakikung'uta.

"Unanifanya mutoto mbele ya batu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Niliomba msamaha, lakini sikurudi nyuma. Nikamwambia isiwashwe tena. Alikaa kwenye benchi, akafikiri, kisha akaanza kuniuliza, bila haraka, kama mtu anayechambua maharagwe.

"Kule kwenu, kama munaona ufa, munafanyaka nini?"

"Tunazima mashine."

"Na batu banakosa nini?"

"Courant."

"Banapata fasi ingine?"

"Ndiyo, Mama. Ku centrale ingine."

"Na siye, ingine iko wapi?"

Barabara zilikuwa mbaya, ndege hakuna, na wale wajawazito wawili walikuwa wananitazama mimi, si yeye. Mmoja alikuwa ameshaanza kushika kiuno.

Nikasema angalau tuone. Kama hakuna ufa, nitanyamaza na nitafua vitambaa vyote kwa mikono yangu. Mama akakubali haraka mno. Alikuwa na hakika ya vitambaa.

Fundi aliyeunga ile pete aliitwa. Alikuja na mashine yake ya kusagia chuma na kiburi chake chote, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. "Ingénieur, ile soudure haitoke, hata ulete tembo," akaniambia. Nikamwomba aisage hadi iwe sawa na ukuta. Alisaga kama anayekatwa mwilini. Baada ya hapo nikapaka mafuta ya taa mahali pote, tukangoja, nikafuta kwa kitambaa hadi chuma kikawa kikavu. Mafuta ya taa ni membamba, huingia pasipoingia jicho. Kilichobaki ni kupaka chokaa au chaki juu yake: kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha humo yatapanda na kuichafua. Ndivyo walivyofanya watu wa reli zamani, kabla ya mashine zetu za bei mbaya. Lakini chaki haikuwepo, na shule ya jirani ilikuwa imefungwa.

Mama aliingia ndani, akatoka na sahani.

"Hii haitoshe?"

Ulikuwa unga wa muhogo, uliochekechwa vizuri, mweupe kuliko chaki yoyote. Nikaunyunyiza.

Hakuna kilichotokea. Fundi akaanza kutabasamu, na Mama akanitazama kwa huruma, macho yakielekea kwenye rundo la vitambaa. Nikagonga pipa kwa nyundo, polepole, tuk, tuk, kama tunavyofundishwa. Hapo mstari ukatokea kwenye unga. Mwembamba, uliolowana, wa kijivu. Ulianzia shingoni, ukashuka, ukapita mahali pete ilipokuwa imeishia, ukaendelea. Tulikuwa tunautazama unavyojichora. Mama akaweka kiganja juu yake kuupima, na ukatokeza mbele ya kidole chake kirefu.

Fundi alivua kofia. "Mungu wangu. Nilifunga mulango na mwizi iko ndani."

Mama hakuondoa mkono. "Leo asubuyi ilikuwa vile?"

"Ndiyo, Mama."

"Na jana?"

"Na jana."

Akasogea, akasimama mahali pake pa kila siku, shavu kando ya shingo, akatazama kutoka hapo. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, tatu, hadi ukuta ukamzuia. Mimi nilianza kulia mchana kweupe, mbele ya fundi na wajawazito, na sikujificha. Nimeona nyufa ndefu kuliko huo, kwenye vyuma vya thamani kubwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua uso wa mtu anayesimama kando yake.

Mama ndiye aliyetunyamazisha. "Basi, kesho tunapika vyombo na nini?"

Nikasema kwamba sufuria za kubana mvuke, zile cocotte za kupikia maharagwe, zikikaguliwa vizuri zinatosha kwa vyombo vidogo. Akavaa viatu, akatoka. Alirudi kabla ya saa kumi, na nyuma yake wanakuja wale mama wa baraza letu, kila mmoja na cocotte kichwani. Zilikuwa saba. Nilikagua kila mpira na kila kipumulio, huku wenyewe wamenikodolea macho. Nilipomaliza, Mama akanitajia sharti lao, na sijawahi kumwona amefurahi hivyo.

"Nimebaambia Ingénieur atapita ku kuta yao yote. Saba."

Nilipita. Nilifanya kile alichokuwa akifanya Mama jikoni kwake tangu matetemeko ya ardhi, jambo nililomcheka siku niliyofika: kubandika karatasi nyembamba kwa uji wa muhogo, kuvuka ufa, na kuandika tarehe. Karatasi ikichanika, ukuta unatembea. Mama mmoja nilimwomba ahamishe kitanda cha watoto siku hiyohiyo, na nilimsaidia kukibeba. Mtoto wa yule aliyeshika kiuno alikuwa amezaliwa usiku wa siku ile ya cocotte, kitovu chake kikakatwa kwa makasi yaliyopikwa kwenye sufuria ya maharagwe.

Otoklavu haikuuzwa kama chuma chakavu. Mama alikataa katakata. Ilisimama uani, inakinga maji ya mvua, na kila aliyepita aliigusa.

Niliporudi kazini nilimpigia kama kawaida, akasema bien kama kawaida. Zikapita wiki. Asubuhi moja nilikuwa nimefunga kipande kwenye mashine ya kuvuta, kimeshaanza kurefuka, wenzangu wakingoja kikatike, simu yangu ikaita. Alikuwa yeye, ambaye hapigi kamwe, kwa sababu kupiga ni kazi ya watoto.

"Mama? Kuko bien?"

Nilisikia kuku wa jirani, na mtu anatwanga.

"Apana," akasema. "Goti inauma tangu dimanche, sipande ngazi ya kanisa. Na nyumba iko kimya. Na magari ya usiku ikipita, mutoto yangu, naogopa. Nilikuwa naogopa hata wakati ule wa risasi."

Nikanyoosha mkono, nikazima mashine.

"Sema, Mama," nikamwambia, nikavuta kiti.