Nzuri ya Salamu

Siku ile chumbani kwa daktari tulikuwa watano. Mimi. Mdogo wangu wa mwisho, wa kike, akiwa na sare ya shule kwa sababu aliomba ruhusa ya saa mbili akachukua siku nzima. Daktari, kijana mwenye ndevu chache anazozitunza sana. Nesi, aliyesimama kwenye kabati la mafaili akijifanya anatafuta kitu. Na bibi mmoja wa Mungaa, ambaye hakuitwa na mtu, ila alikuwa amenipa namba yake ya foleni na akaona ni haki yake kuingia kuangalia inavyotumika.

Nawataja wote kwa sababu kila mmoja anaisimulia siku ile kivyake, na wote wanaongeza chumvi. Mimi nitaeleza ilivyokuwa.

Naumwa baridi yabisi. Viungo vya vidole huvimba, na asubuhi vidole vyenyewe huamka saa mbili baada ya mimi. Kazi yangu ni kushona midomo ya magunia ya alizeti kwenye mashine ya kukamua mafuta, kwa ile sindano ndefu, na malipo ni kwa gunia. Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha kwanza. Nikaacha shule, na tangu hapo sindano hiyo ndiyo imewalisha na kuwasomesha wadogo zangu watatu. Kwa hiyo mikono ikigoma, si mimi peke yangu ninayelala njaa.

Siyo kwamba mimi ni mtu wa kunyamaza. Hapa Mandewa nilianza kuhudhuria vikao vya wazazi shuleni nikiwa na miaka kumi na sita. Mwalimu mkuu aliniuliza mzazi yuko wapi, nikamwambia amekaa mbele yako. Kuanzia hapo, ajenda ya michango ilipofika, walikuwa wananiangalia kwanza. Lakini mbele ya koti jeupe nilikuwa kondoo.

Kliniki yetu kila mgonjwa huja na daftari lake, hili hili dogo la shule, daktari aandike humo. Langu lina jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Nimelisoma sana kwenye benchi la kusubiria, hadi nimejua saba mara nane, jambo lililonishinda shuleni. Ya ndani sikuwahi kuyasoma. Miandiko ya madaktari niliihesabu kuwa ni mambo yao.

Jioni moja mdogo wangu alikosa karatasi ya kufanyia hesabu, akalichukua daftari langu ili achane kurasa za mwisho. Akaanza kupitia za mwanzo. Akasoma kimya, akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

"Dada," akasema, "kumbe ulishapona?"

Nikamuuliza amelewa nini. Akanionyesha. Kila ukurasa, kwa miandiko ya watu tofauti, kulikuwa na neno moja: anaendelea vizuri, aendelee na dawa hizo hizo. Tulihesabu mara kumi na moja. Nikasema hawa watu ni waongo. Akaniuliza huwa nawaambia nini.

Nikamweleza. Naingia, daktari ananiuliza habari za leo, nasema nzuri. Ananiuliza unaendeleaje, nasema vizuri, namshukuru Mungu. Alitaka niseme nini? Mtu amekusalimia. Kwetu hata msiba ukiwa ndani, salamu hujibiwa nzuri kwanza, halafu ndipo unasema kuna mwili umelala chumbani. Mimi miaka yote mitatu nilikuwa nasubiri hiyo halafu. Daktari hakuwa na nafasi ya halafu, alikuwa na watu arobaini nje. Nikishajibu salamu anaandika, ananirudishia daftari, nasema asante dokta, natoka. Na zile dawa hizo hizo zilikuwa zinanichoma tumbo kama pilipili, hivyo nilimeza siku moja nikaruka tatu, na hilo pia sikuwahi kulisema.

Mdogo wangu akaamua nifundishwe. Alijitanda shuka jeupe, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Habari za leo, mama?"

"Nzuri."

"Dada!"

"Imetoka yenyewe."

Tulirudia hadi ugali ukapoa. Kusema mbaya nilishindwa kabisa, ulimi ulikataa, nikaona kama namtukana mtu aliyeniamkia kwa wema. Mwisho tukakubaliana niseme tu, mikono inauma. Akaongeza sharti la pili: nisinyanyuke kwenye kiti mpaka daktari awe ameishika mikono hiyo. Nilifanya mazoezi wiki nzima. Msimamizi wa mashine aliniuliza habari za asubuhi, nikamjibu mikono inauma. Akadhani nataka ruhusa, akaninyima kabla sijaiomba.

Siku ya kliniki nilipata namba thelathini na nne, na tukaambiwa daktari ana kikao saa sita. Kwa foleni ile nisingemwona. Pembeni yangu alikaa yule bibi, ana namba tisa. Aliponisikia nanong'ona mikono inauma, mikono inauma, akauliza kama nasali. Nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akasema yeye ni wa presha, amekuja hapa miaka na miaka, na hajawahi kumwambia daktari neno zaidi ya salama. Kisha akanipa kikaratasi chake.

"Chukua, mwanangu. Mimi leo nalala kwa mjukuu wangu, kesho nitarudi. Nataka nimwone mtu akimjibu. Ila utanilipa."

Nikajua ni kuku. Nikasema sawa, bibi.

Tukaingia. Sasa, mazoezi yote yalikuwa ya daktari anayesema habari za leo. Huyu, kwa kuwa ni mdogo kwangu na amelelewa, akasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri."

Nyuma yangu mdogo wangu akatoa pumzi kama tairi lililopata pancha. Kalamu ikaanza kutembea. Sisomi haraka, lakini sentensi ile nilishaijua kwa umbo lake, kama unavyomjua mtu wa nyumbani kwa mwendo wake gizani. Nikaweka kiganja changu kilichovimba juu ya daftari.

"Futa, dokta."

"Nifute nini?"

"Hilo unaloandika. Ile nzuri ni ya salamu. Ya mikono sijasema."

Nesi akaacha kutafuta alichokuwa hatafuti. Daktari akaniambia kwa upole wa mtu anayeangalia saa kwamba yeye anaandika kile mgonjwa anachosema. Nikamwambia basi aandike. Nikamweleza habari ya tumbo, na ile ya kumeza siku moja na kuruka tatu, na kwamba asubuhi siwezi kufunga kifungo cha gauni langu, ananifunga mdogo wangu huyu hapa. Na kwamba mwezi ule nilishona nusu ya magunia niliyozoea. Akauliza kwa nini sikuyasema muda wote huo.

Nilikuwa natafuta jibu la heshima. Mdogo wangu hakutafuta. "Hamkumuuliza, dokta. Mlikuwa mnamsalimia."

Hilo halikumfurahisha. Akakaa sawa, akasema dawa za aina hii zinahitaji muda, niendelee nazo mwezi mmoja kisha tutaona, akalisukuma daftari upande wangu. Nayajua maneno hayo, ndiyo yanayofungua mlango. Miguu yangu kwa mazoea ilishaanza kunyanyuka. Nikahisi mkono wa bibi begani, ukinikandamiza chini kama anayefunika sufuria.

Nikakaa. Nikaiweka mikono yote miwili mezani, kati ya muhuri na kalamu zake, kama mtu anayepanga mihogo sokoni.

"Sikai kwa ukorofi, dokta. Ukishaishika hii nitatoka mwenyewe."

Ilichukua muda. Nje mtu alikohoa, mwingine akauliza huyo mama anajifungulia humo ndani au vipi. Kisha daktari akaishika. Akabonyeza kiungo kimoja kimoja, akaniambia nikunje ngumi. Nikakunja nilichoweza, ambacho hakikuwa ngumi, kilikuwa kama mtu aliyeshika chungwa. Akaniambia nikaze. Nikamwambia hapo ndipo nimekaza.

Akalichukua daftari, akarudi nyuma ukurasa mmoja mmoja, akazisoma anaendelea vizuri zote kumi na moja. Nne zilikuwa na sahihi yake. Akachora mstari juu ya ile ya siku hiyo, halafu akaanza kuandika, na safari hii akaandika hadi akageuza ukurasa. Vipimo vya damu, dawa zile ziache leo leo, na barua ya rufaa kwa daktari wa viungo.

"Kumbe kalamu ina wino," alisema bibi, akimwambia nesi.

Tulipokuwa tunatoka daktari akasema, "Samahani, dada." Nikamjibu hamna shida. Mdogo wangu akanikanyaga mguu.

Sijapona, na nimeambiwa ugonjwa huu tutazeeka nao. Ila dawa niliyopewa kule kwenye rufaa tumbo limeikubali, na vidole sasa huamka nusu saa tu baada ya mimi. Kifungo nafunga mwenyewe. Magunia yanarudi kidogo kidogo, na mdogo wangu amebaki shuleni.

Kilichobaki ni bibi. Alikuja nyumbani mwezi uliofuata, siku ya kliniki yake, na daftari lake kwapani. Nilikuwa nimeshamtengea jogoo mweupe. Hakumtazama hata.

"Kuku ninao," akasema. "Nataka uniazime mdomo."

Vidonge vyake vipya vinampa kizunguzungu. Ameanguka zizini mara mbili, na watoto wake hawajui. Niingie naye, niseme. Nikaona ni deni jepesi.

Tukaingia. Daktari akampa shikamoo, bibi akaitikia marahaba mjukuu wangu, salama kabisa. Akamuuliza mama yake hajambo, na mvua kwao zimenyesha, na mbona haoi. Nilipofungua mdomo kusema kizunguzungu, nikapigwa kiwiko cha mbavu. "Usinikatishe, namsalimia mtu." Daktari alinitazama kwa muda, kalamu ikiwa juu, akingoja. Bibi akamshukuru, akamwombea mke mwema, akanivuta mkono tukatoka. Pale kwenye benchi alishika ukuta ili asianguke, akaniambia bado sijamlipa.

Kliniki yake nyingine ni Jumanne. Nimemwambia safari hii nitaanza kusema tukiwa mlangoni, kabla ya salamu. Amejibu kwamba huo ni utovu wa adabu, na deni lake halilipwi kwa utovu wa adabu.