Mke Alipopewa Nafasi ya Shairi, Mume Akapoteza Kisanduku cha Nne

Saa tatu asubuhi ya Jumatano, mchora katuni anaketi mezani na kuifunika kazi yake kwa rula pana ya mbao. Anaisogeza rula taratibu. Kisanduku cha kwanza kinafichuka: mzee mmoja anabisha hodi kwa jirani. Cha pili: anaomba chumvi. Cha tatu: anaomba na sufuria ya kuitilia. Mchoraji anahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, kisha anaisogeza tena.

Chini ya rula hakuna kitu.

“Hapo ndipo jirani alipokuwa akifunga mlango,” anamwambia mwandishi wa makala haya, akigonga karatasi tupu kwa kidole. “Miaka kumi na mmoja mlango ule umefungwa kila Ijumaa. Sasa uko wazi, nzi wanaingia.”

Gazeti la kila wiki analolichorea lilikiondoa kisanduku cha nne miezi mitatu iliyopita, na malipo yake yakapungua kwa robo. Hata hivyo, si robo hiyo inayomkereketa. Nafasi ile ilipewa shairi, na mtunzi wa shairi ni mke wake.

Mkewe ni fundi cherehani. Anashonea upande wa pili wa chumba hichohicho, hatua nne kutoka meza ya mumewe. Shairi la kwanza alilituma bila kumwambia mtu. Mhariri akalipenda, wasomaji wakaandika barua. Mchoraji amezihesabu: thelathini na mbili. Yeye, kwa miaka yote kumi na mmoja, alipata tisa, “na mbili kati ya hizo zilikuwa za kulalamika.”

Wivu wake haufichi. “Mke wangu hana hawara. Ana wasomaji. Hawara ningemvizia nikamtimua. Msomaji utamtimua vipi?”

Mtaani nako hapumui. Mwenye duka la jirani, aliyezoea kumwita Fundi Rula, sasa humpokea kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: “Mume wa malenga! Hujambo?”

“Sijambo,” hujibu, “ila nikikaa sana hapa nitaumwa.”

Shairi lile la kwanza lilipochapishwa, alikusudia kulikosoa. Alilifunika kwa rula kama afunikavyo katuni, akafunua mshororo mmoja mmoja, akingoja lijikwae. Halikujikwaa. Mshororo wa kwanza ulibisha hodi, wa pili ukaingia, wa tatu ukavuta kiti ukakaa. Wa nne, kibwagizo, ulirudi uleule mwishoni mwa kila ubeti, mfano wa mlango wake. Hata ule weupe ambao yeye huuacha kati ya kisanduku na kisanduku ili msomaji avute pumzi, mkewe alikuwa ameuacha katikati ya kila mshororo.

“Nilijiona mtu aliyeibiwa,” anasema, “na mwizi ndiye aliyepika chakula cha mchana.”

Siku hiyo alimgeukia mkewe. “Haya umejifunza wapi?”

“Kwako,” mke akajibu bila kuinua macho kwenye mshono. “Kila Jumatano unaniita nije nicheke. Unafunika, unafunua. Umenifundisha kungoja, baba watoto. Ulidhani nilikuwa nacheka tu?”

Jibu hilo halikumpoza, lilimchoma. Akalalamika kwamba katuni ya visanduku vitatu ni meza iliyovunjika mguu.

“Kigoda kina miguu mitatu na hakianguki,” mke akasema. “Na ubeti wa mishororo mitatu upo, unaitwa tathlitha. Jaribu.”

“Nusura nimtupie rula,” mchoraji anakumbuka.

Mwezi uliopita mkewe alijitolea kupunguza ubeti mmoja ili mhariri akirudishe kisanduku. Mchoraji alikataa. “Nayajua maumivu ya kukatwa. Sitaki sadaka ya beti.” Anafuta wino kidoleni. “Kwa kweli nilitaka kusema ndiyo. Hilo lisiandikwe.” Anakitazama kidole, bado kina wino. “Haya, liandikwe.”

Tangu siku hiyo, kisanduku cha nne anakichora peke yake kwenye kipande cha karatasi. Gazetini vinakwenda vitatu. Cha nne kinabandikwa kwa pini ukutani, juu ya cherehani, ambako msomaji wake ni mmoja tu. Vimefika vinne.

Anapanga kuzikusanya katuni zake zote ziwe kitabu, milango yote ikiwa imefungwa ipasavyo. “Visanduku vinne vinne,” anasema, “na shairi lisionekane hata kwenye jalada.”

Anavuta droo, anatoa kipande kidogo cha karatasi, anakipanga kando ya vile vitatu na kufunika vyote kwa rula.

“Mwenzangu, njoo.”

Cherehani inanyamaza. Mke anakuja, pini zikiwa zimebanwa midomoni, anainama juu ya meza. Rula inasogea: hodi, chumvi, sufuria. Mchoraji anahesabu moja, mbili. Safari hii midomo ya mkewe nayo inahesabu, na mume ameiona.

Mlango unafungwa. Mke anazitema pini kiganjani, anacheka hadi anashika ukingo wa meza.

“Nisije nikaukuta kwenye shairi Ijumaa,” mume anasema.

“Sijaahidi kitu,” anajibu mke, akirudi kwenye cherehani.