Mafuta Yaliniishia Karibu na Ulemo

Nichekeni, nimestahili. Nilinunua pikipiki ya Kijapani, zilipoanza tu kujaa madukani Singida, nikamtambia baba wa mchumba wangu kwamba tangi moja linanifikisha Kiomboi na kunirudisha. Posa yangu ilikuwa bado haijajibiwa. Mgongo ulipomzidi, akakubali nimpeleke hospitali ya Kiomboi.

Kwa kujiamini kwangu sikuongeza mafuta. Njiani nikaona yanakwisha, nikawa nazima injini kila mteremko.

"Unaendesha taratibu kwa ajili ya mgongo wangu," mzee akasema. "Mungu akubariki."

Nikaitikia amina, mwongo mimi!

Karibu na Ulemo pikipiki ikanyamaza kabisa.

"Baba, tupumzike kidogo, unyooshe mgongo," nikasema.

Akashukuru tena, akaaga kwamba anakwenda kumsalimia rafiki yake kijijini. Nikabaki naomba lori lipite kabla hajarudi. Halikupita. Nikamwona mzee anakuja, kainama kwa maumivu, chupa ya petroli mkononi.

"Shika, mkwe wangu," akasema kwa upole. "Siku nyingine ukiishiwa, niambie."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nimepiga goti.